Vyuma Viwili na Mfereji wa Rimu: Jinsi Tairi la Pikipiki Lilivyokuja Kufunguka kwa Mikono

Ukimtazama fundi wa pancha akifanya kazi kando ya barabara, iwe Tanga, Kisumu au Bujumbura, utaona vifaa vichache sana. Ana vyuma viwili au vitatu vyenye ncha bapa, spana ya kufungulia nati za ekseli, pampu, beseni la maji, kipande cha msasa, kopo la solusheni na tyubu kuukuu ya kukatia viraka. Kwa vifaa hivyo analitoa tairi la pikipiki kwenye rimu, anaziba tundu, analirudisha tairi mahali pake na kulijaza upepo. Hahitaji umeme wala mashine, na mara nyingi hahitaji hata msaidizi.

Wengi wetu katika chama hiki tumeyaona hayo tulipokwenda likizo kwa babu na bibi, na hatukuona ajabu yoyote. Makala hii inadai kwamba ajabu ipo. Matairi ya kwanza ya upepo hayakuwa yakifunguka kwa njia rahisi hata kidogo. Aliyepata pancha alikuwa amekwama, awe tajiri au maskini. Ili mtu mmoja mwenye vyuma viwili aweze kulishinda tairi, ilibidi kwanza rimu yenyewe ibadilishwe umbo. Hilo lilifanyika mwaka 1890, na mtu aliyelifanya hatajwi sana.

Historia nyingi za tairi huanza na kuishia na aliyelibuni. Napendekeza tuulize maswali mengine mawili. Nani aliyewezesha tairi kufunguliwa na mtu wa kawaida? Na nani ameutunza ujuzi huo mpaka leo?

Tairi lisilofunguka

Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845. Wakati huo hapakuwa na baiskeli za kisasa wala motokaa za kulihitaji, na wazo lake likasahauliwa. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliifungia baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu mipira iliyojazwa upepo. Hataza yake ni ya mwaka 1888. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano mjini Belfast akitumia matairi ya Dunlop, na sifa zake zikaenea haraka. Baadaye ilionekana kwamba Thomson alikuwa ametangulia, na hataza ya Dunlop ikabatilishwa, lakini biashara ilikwisha kuanza.

Tairi hilo lilikuwa na raha yake na shida yake. Raha ni kwamba lilimeza mitikisiko ya barabara za mawe. Shida ilikuwa katika namna lilivyofungwa. Tyubu ya mpira ilivikwa turubai, na turubai hiyo ikazungushiwa rimu na kugandishwa kwa gundi. Tairi na gurudumu vilikuwa kama kitu kimoja. Msumari ukiingia, ilibidi kubandua kitambaa, kuitafuta tyubu, kuiziba, kugandisha kila kitu upya, kisha kusubiri gundi ikauke. Hakuna kifaa cha mkono kilichoweza kuifupisha kazi hiyo, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukiingiza.

Kampuni ya Michelin ya Ufaransa husimulia kwamba mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika kwenye kiwanda chao Clermont-Ferrand akiwa na tairi la Dunlop lililopata pancha. Kulitengeneza kulichukua kama saa tatu, na bado likaachwa usiku kucha likauke. Kesho yake Édouard Michelin alilijaribu, akaenda umbali mfupi, tairi likaisha upepo tena. Kampuni hupenda kujipamba kwa hadithi za namna hii, lakini yaliyofuata yanajulikana vizuri. Mwaka 1891 Michelin walipata hataza ya tairi linaloweza kutolewa kwenye gurudumu, na mwaka huo huo Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya baiskeli ya kwenda Paris hadi Brest na kurudi Paris, safari ya kilomita 1,200 hivi. Mwaka 1892 walidhamini mashindano ya Paris hadi Clermont-Ferrand ambamo misumari ilimwagwa barabarani kwa makusudi. Walitaka kila mtu aone kwamba pancha sasa ni jambo la dakika chache, si la siku nzima.

Mwaka 1890: ukingo na mfereji

Kwa historia ya pikipiki, hata hivyo, hatua kubwa zaidi zilichukuliwa Uingereza mwaka mmoja kabla ya hataza ya Michelin. Mwaka 1890 watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walipata jibu la swali moja: tairi litashikaje kwenye rimu bila gundi?

Wa kwanza ni William Erskine Bartlett, Mmarekani aliyesimamia kiwanda cha mpira Edinburgh. Yeye aliweka kwenye kingo za tairi uvimbe wa mpira unaonasa chini ya midomo ya rimu iliyopinda kwa ndani. Tairi likijazwa upepo, shinikizo linausukuma uvimbe ule ukakaza. Upepo ukipungua, kushika nako kunapungua.

Wa pili ni Charles Kingston Welch wa London. Yeye aliingiza waya usionyumbuka ndani ya kila ukingo wa tairi, ukawa kitanzi kamili. Kitanzi hicho ni kidogo kuliko mzunguko wa mdomo wa rimu, kwa hiyo tairi haliwezi kuchomoka lenyewe. Lakini kama haliwezi kuchomoka, litaingiaje? Hapo ndipo ilipo akili ya Welch. Katikati ya rimu alichimba mfereji unaoizunguka yote. Ukiusukuma ukingo wa tairi upande mmoja uzame ndani ya mfereji, upande wa pili unapata nafasi ya ziada, na ukingo unapita juu ya mdomo wa rimu. Tairi likishajazwa upepo, kingo zote mbili zinatoka mfereji na kupanda kwenye kitako chake. Hapo nafasi ile ya ziada haipo tena.

Kampuni ya Dunlop ilinunua haki za kutumia mawazo yote mawili. Ukiangalia leo gurudumu la pikipiki yoyote, ile ya kubeba abiria Mwanza au ya mashindano Ulaya, utauona mfereji wa Welch. Jina lililobaki kwenye ubao wa duka ni la Dunlop.

Matairi yalipoanza kufunguka na kutengenezeka, baiskeli zilienea kwa kasi, na hitaji la mpira likapanda. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuwezi kuipita sehemu hii ya historia kimya kimya. Miaka hiyo ya 1890 ndiyo miaka ambayo utawala wa Mfalme Leopold II katika Dola Huru ya Kongo uliwalazimisha wanakijiji kukusanya utomvu wa mpira msituni, kwa kuchukua mateka, kuchoma vijiji, kukata mikono na kuua. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo mbele ya Bunge la Uingereza, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji. Nchi hiyo hiyo leo ina mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili. Raha ya kutembea juu ya upepo ililipiwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao hawakuwa na baiskeli.

Kutoka baiskeli hadi pikipiki

Pikipiki za kwanza zilirithi matairi ya baiskeli pamoja na shida zake. Pikipiki ya Hildebrand na Wolfmüller, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1894 na kuhesabiwa kuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, tayari ilikuwa na matairi ya upepo. Lakini pikipiki ni nzito na ina kasi, na pancha yake ni jambo kubwa kuliko ya baiskeli. Katika mashindano ya kwanza ya TT kwenye kisiwa cha Man, mwaka 1907, Rem Fowler alipasukiwa na tairi njiani, akalishughulikia, akaendelea, na bado akashinda katika kundi la injini zenye silinda mbili.

Kulitoa gurudumu la nyuma wakati huo kulikuwa kazi ya kuchosha, kwa sababu ya mkanda au cheni, breki na vyuma vingine vilivyolizunguka. Ndiyo maana maduka yaliuza tyubu ya ajabu kidogo, yenye ncha mbili zilizozibwa badala ya kuwa duara lililofungamana. Mwendeshaji aliweza kuliinua tairi upande mmoja, kuichomoa tyubu mbovu na kuipitisha mpya bila kulitoa gurudumu kabisa. Tyubu hiyo inatuonyesha kwamba watengenezaji walimtazamia mwendeshaji awe fundi wake mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kwa miaka mingi pikipiki zilitumia kingo za namna ya Bartlett. Zilipoanza kwenda kasi zaidi, hatari ilionekana: tairi likiisha upepo ghafla, linaweza kutoka kwenye rimu huku mtu yuko mwendoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 rimu yenye mfereji na tairi lenye waya vilichukua nafasi. Tangu hapo vifaa vya mwendeshaji havijabadilika sana. Vyuma viwili vya tairi, viraka, solusheni na pampu vilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa vifaa vya pikipiki za jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, kwa mfano BSA M20, na bado ndivyo anavyobeba mtu anayesafiri mbali.

Safari za mbali ndizo zilizoonyesha thamani yake. Kati ya Desemba 1934 na Julai 1935, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London hadi Cape Town kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na kitela nyuma. Walivuka Sahara, wakapita Tanganyika, na njia nzima matengenezo yalikuwa juu yao. Nayo mashindano ya kimataifa ya siku sita, yaliyoanza Carlisle mwaka 1913, mpaka leo yanamtaka mshindani abadilishe matairi yake mwenyewe, kwa vyuma vya mkononi, ndani ya muda mfupi unaopimwa kwa saa.

Kwa nini chuma kifupi kinatosha

Katika somo la fizikia, chuma cha tairi huitwa wenzo. Ncha yake bapa inaingia chini ya ukingo wa tairi, mdomo wa rimu unakuwa egemeo, na mkono unasukuma upande wa pili. Kama kutoka egemeo hadi mkononi ni sentimita 30, na kutoka egemeo hadi nchani ni sentimita 3, nguvu ya mkono inazidishwa mara kumi. Hesabu hiyo ni kweli, lakini inaweza kumpotosha mtu. Atadhani kwamba tairi likigoma, dawa ni chuma kirefu zaidi.

Mjomba wangu mmoja anaendesha bodaboda Tanga. Nilipoanza kuandika makala hii nilimpigia simu nimuulize anatumia chuma cha urefu gani. Alicheka. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "urefu si neno. Watu wanavuta huku wamesahau kule. Kanyaga kule kwanza, lizame, ndipo uvute huku." Nikamuuliza lizame wapi. "Katikati ya rimu. Pale palipoingia ndani. Usipolizamisha utavunja chuma, au utaichana tyubu, na tairi litakutazama tu."

Mjomba hajawahi kusikia jina la Welch. Lakini sentensi zake tatu ni maelezo kamili ya hataza ya mwaka 1890, bila mchoro. Waya wa tairi haunyumbuki, kwa hiyo kuuvuta kwa nguvu ni bure. Kinachohitajika ni kuusogeza mahali penye nafasi.

Kutokana na hilo tunaweza kuielewa kazi yote, hatua kwa hatua. Kwanza upepo hutolewa wote, pamoja na kichungio kidogo kilicho ndani ya valvu. Kisha kingo za tairi hubanduliwa kwenye vitako vyake. Fundi hufanya hivyo kwa kusimama juu ya tairi kwa visigino, au kwa kuliweka gurudumu chini ya stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine na kuiegemeza pikipiki hiyo juu yake. Ukingo ukishabanduka, chuma cha kwanza huingizwa karibu na valvu, huku upande ulio mkabala ukikandamizwa kwa magoti uzame mferejini. Chuma cha pili huingizwa sentimita chache tu pembeni. Ukichukua kipande kikubwa kwa pupa, chuma kitakwama. Ukichukua vipande vidogo vidogo, baada ya vitatu au vinne ukingo uliobaki unatoka kwa mkono.

Wakati wa kurudisha, utaratibu unageuzwa. Kabla ya hapo fundi hupapasa ndani ya tairi polepole kutafuta msumari au mwiba uliobaki, kwani asipoutoa, pancha ya pili itafuata ndani ya kilomita chache. Tyubu hujazwa upepo kidogo tu, ipate umbo bila kuvimba, isije ikabanwa kati ya chuma na rimu. Maji ya sabuni hupakwa kwenye ukingo uteleze. Kazi huanzia mkabala na valvu na kumalizikia kwenye valvu. Sababu yake ni kwamba penye valvu tyubu inauzuia ukingo kuzama mferejini, kwa hiyo sehemu hiyo haiwezi kutoa nafasi. Lazima nafasi itoke upande wa pili, na sehemu ngumu ya mwisho iwe hapo. Mwisho, tairi likishajaa, fundi hulizungusha gurudumu na kuangalia mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi karibu na rimu. Ukiwa umbali sawa pande zote, tairi limekaa. Ukizama mahali pamoja, hutoa upepo na kuanza tena.

Wanaojifunza huharibu tyubu zaidi wakati wa kurudisha kuliko wakati wa kutoa. Chuma kikiingia ndani kupita kiasi, kinaing'ata tyubu, na tundu jipya linakuwa baya kuliko la msumari. Kwa hiyo chuma kizuri hakina kona kali. Ncha yake imesuguliwa hadi ikawa laini, na mara nyingi mikono ya watu wengi ndiyo iliyoisugua.

Kiraka, valvu na upepo

Vyuma viwili visingefaa kitu bila vitu vingine vitatu. Cha kwanza ni valvu inayoweza kufunguliwa. Ile tunayoiona kwenye pikipiki na magari karibu yote inatokana na kazi ya August Schrader na wanawe mjini New York miaka ya 1890. Kichungio chake kidogo huchomolewa kwa ufunguo mdogo sana, na zamani vifuniko vya chuma vya valvu vilichongwa ncha ili vyenyewe viwe ufunguo huo.

Cha pili ni kiraka. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto unakuwa imara, na kiraka cha moto kinafuata kanuni hiyo hiyo: mpira mbichi unabanwa juu ya tundu na kupashwa moto hadi ushikamane na tyubu. Katika nchi nyingi mafundi hutumia pistoni kuukuu ya injini kama jiko dogo la kazi hiyo. Kiraka baridi kinahitaji msasa, solusheni na subira. Subira ndiyo inayokosekana mara nyingi. Solusheni inatakiwa iachwe ikauke kidogo kabla kiraka hakijabandikwa, na mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi.

Cha tatu ni pampu, na hapa lugha yetu ina neno lake zuri. Kiingereza husema kwamba tairi lina hewa. Kiswahili husema lina upepo, na tairi bovu "limeisha upepo". Hewa imekaa tu, upepo unatembea. Nadhani aliyelichagua neno hilo alikuwa akiisikiliza valvu. Na "mpira" ni neno la zamani kuliko matairi pwani yetu, kwa sababu utomvu wa mpira wa mwituni ulisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 19, kabla ya Dunlop kuifungia baiskeli ya mwanawe tairi.

Barabara za Afrika Mashariki

Historia iliyopita Uingereza, kutoka baiskeli kwenda pikipiki, ilipita pia kwetu, kwa njia yake na kwa wakati wake. Bodaboda ilianza kwa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960. Jina lenyewe linatokana na safari hiyo ya kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye, na mwishoni mwa miaka ya 2000, zilipoanza kuingia kwa wingi kutoka India na China kwa bei nafuu, zilienea karibu kila mji na kijiji. Fundi wa baiskeli aliyekaa chini ya mwembe hakuhitaji kusomea upya. Rimu ilikuwa pana zaidi na tairi gumu zaidi, lakini mfereji ulikuwa ule ule. Alihitaji chuma kirefu kidogo.

Chuma hicho mara nyingi hakikununuliwa. Kilifuliwa kutoka kipande cha nondo, au bora zaidi, kutoka springi kuukuu ya gari, ambayo chuma chake hakipindi kirahisi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyowafanya wachumi wa dunia waanze kuzungumzia kwa uzito kazi zisizo rasmi. Wakenya wenyewe walikuwa na jina lao, jua kali, kwa sababu mafundi hufanya kazi bila paa. Wachumi waliona ajira. Tukiwatazama kwa jicho la historia ya ufundi, tunaona pia kwamba mafundi hao walitengeneza vifaa vyao wenyewe, na kwamba hawakuacha kitu kipotee. Tyubu isiyozibika tena hukatwa kuwa viraka na mikanda ya kufungia mizigo. Tairi lililokwisha huwa viatu, katambuga kwa Watanzania na akala kwa Wakenya.

Kwa dereva, jambo hili ni la riziki. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni wanampelekea mwenye pikipiki hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, na kinachobaki ndicho chao. Hesabu haipungui kwa sababu ya msumari. Saa mbili zikipotea kwa pancha, zinakatwa kwenye chakula cha nyumbani, si kwenye hesabu ya tajiri. Ndiyo maana mjomba hubeba vyuma vyake chini ya kiti. Anaweza kumlipa fundi, na mara nyingi humlipa, lakini pancha ya usiku njiani, mbali na mji, haimsubiri fundi.

Tairi lisilo na tyubu

Tangu miaka ya 1970 pikipiki nyingi, hasa kubwa, zimekuwa na rimu za kipande kimoja na matairi yasiyo na tyubu. Yana faida kweli. Msumari ukiingia, upepo hutoka polepole, na tundu linaweza kuzibwa kwa nje bila kulitoa tairi: linapanuliwa kwa kifaa chenye mpini, kisha kipande cha uzi wa mpira wenye gundi kinasukumwa ndani. Kazi ya nusu saa inakuwa ya dakika tano.

Lakini siku tairi lenyewe linapotakiwa kutolewa, mambo hugeuka. Rimu hizo zina kigongo kidogo kinachouzuia ukingo usiteleze kuingia mferejini, kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo kuubandua kwa visigino ni vigumu sana, na kuurudisha kwenye kitako chake kunahitaji upepo mwingi kwa mara moja, zaidi ya unaotoka kwenye pampu ya mkono. Hapa Uingereza wengi hawajaribu. Hupiga simu, gari la msaada likaja, na pikipiki ikapelekwa penye mashine. Ni raha, kwa mwenye bima na mwenye mtandao wa simu. Wanaobaki na vyuma viwili ni wasafiri wa mbali, waendeshaji wa porini, na mamilioni ya madereva wa dunia ambao pikipiki zao bado zina spoku au rimu nyepesi, tyubu na mfereji.

Sidai kwamba zamani kulikuwa bora. Nadai kwamba kila mabadiliko ya tairi yamejibu pia swali la nani ataweza kulitengeneza. Tairi la Dunlop la mwaka 1888 lilimjibu mwendeshaji kwamba yeye hawezi. Rimu ya Welch ilimwambia anaweza. Matairi mapya yanamwambia anaweza kuziba, mengine amwachie mwenye mashine. Tunapoambiwa kwamba kifaa kipya ni maendeleo, swali hilo linafaa kuulizwa mapema.

Kazi kwa chama chetu

Mwanahistoria David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old cha mwaka 2006, alitukumbusha kwamba historia ya teknolojia imejaa wabunifu na imewasahau watumiaji na watengenezaji, ingawa vitu hutumika na kutengenezwa kwa miaka mingi kuliko muda wa kubuniwa kwake. Tairi la pikipiki ni mfano mzuri. Hataza ya Welch inasomeka maktaba. Ujuzi wa kulizamisha tairi mferejini umehifadhiwa katika magoti na mikono ya watu ambao hawajaandikwa popote, na katika maneno yao.

Maneno hayo ndiyo yanayotuhusu zaidi. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili jikoni na sebuleni. Tunajua kusalimia wakubwa, kupika pilau na kugombana na ndugu zetu. Kiswahili cha spana, cha rimu na cha solusheni kiko nje, kwa wajomba na mafundi, na hakitufikii tukikaa ndani. Kamusi hutupa "wenzo", neno sahihi kabisa kwa darasa la fizikia, lakini fundi hatakwambia "niletee wenzo".

Kwa hiyo napendekeza kazi ndogo. Kila mwanachama atakayekwenda likizo mwaka huu akae nusu saa kwa fundi wa pancha wa mtaa wao, kwa ruhusa yake na kwa kumlipa muda wake, aandike jina la kila kifaa na kila kitendo kama fundi mwenyewe anavyokitaja. Wa Mombasa watakuja na yao, wa Kigoma na yao, wa Lubumbashi na yao. Tukiyakusanya tutakuwa na orodha ambayo walimu wetu wataweza kuitumia darasani, na ambayo itaonyesha tunafanana wapi na tunatofautiana wapi. Na atakayeweza ajaribu pia kulitoa tairi kwa mikono yake, akianzia kwenye valvu, upande wa pili ukiwa umezama.